Usukani mkononi, programu kichwani: usikilize, uongee, unyamaze au upige simu?

Nyumba yangu iko Mtwapa na ofisi iko kisiwani Mombasa. Nikitoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, navuka daraja la Mtwapa, napita Shanzu na Bamburi, nashuka Kongowea na kuingia daraja la Nyali ndani ya dakika 40. Nikichelewa nusu saa tu, labda kiatu cha mtoto kimepotea, safari ileile hunichukua saa nzima na ziada. Tufanye wastani ni dakika 50 kwenda na 50 kurudi. Kwa siku tano hizo ni saa 8 na dakika 20. Ni siku kamili ya kazi kila wiki, nayo yote naipitisha nikiwa nimeshika usukani.

Wenzangu wanaoandika programu hapa Mombasa nao wana safari zao. Yuko anayetoka Mikindani huku matrela ya bandarini yamembana kulia na kushoto. Yuko wa Likoni ambaye nusu ya safari yake ni kungoja feri. Yuko wa Diani anayezunguka kwa barabara ya Dongo Kundu ili aikwepe feri hiyohiyo. Tukikutana, swali halikosi: saa hizi wewe wazifanyia nini? Maana kazi yetu ni ya macho na vidole, na barabara imeshavichukua vyote viwili. Tunabakiwa na masikio, mdomo na kipande cha akili.

Njia zinazotajwa sana ni nne: kusikiliza, kuongea huku ukijirekodi, kunyamaza ukafikiri, na kupiga simu za kazi. Ya tano ni kuliacha gari lenyewe nyumbani. Nimezijaribu zote, nyingine kwa miezi, na nimebadilisha msimamo zaidi ya mara moja. Hapa nazipima kwa vipimo vilevile, nawe uvilinganishe na safari yako.

Vipimo

Cha kwanza ni barabara: njia hii inakula akili kiasi gani? Nimekitanguliza kwa makusudi. Mwaka 2013 David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walipima mzigo ambao shughuli mbalimbali huutia kwenye akili ya dereva, kwa mizani ya 1 hadi 5. Kuendesha bila shughuli nyingine kulikuwa 1. Redio ilizidi hapo kidogo, kitabu cha sauti kikafika 1.75, mazungumzo ya simu isiyoshikwa mkononi yakapita 2, na mfumo wa kugeuza maneno ya dereva kuwa barua pepe ukapita 3. Miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba dereva akishaiamrisha simu au gari kwa sauti, umakini wake unaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi sawasawa. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sekunde 27 ni mita 375. Hebu ziwaze mita 375 za Kongowea saa moja asubuhi: mikokoteni ya sokoni, bodaboda inayopenya ubavuni, matatu iliyofunga breki kwa sababu ya abiria mmoja.

Cha pili, ukizima injini unabaki na nini mkononi? Cha tatu ni gharama, yaani bando, vifaa na matayarisho ya usiku. Cha nne ni mazingira yetu: joto, honi, vichepuo, feri. Cha tano huwa hakitajwi na ndicho mke wangu alichonifundisha kukiuliza: ukifika nyumbani, umefika kweli?

Lipo pia sharti lisilopimwa. Simu haishikwi. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 zinamtoza dereva shilingi 2,000 kwa kutumia simu gari likiwa mwendoni, na faini ndiyo hasara ndogo kuliko zote. Kila kitu ninachokieleza hapa hutayarishwa gari likiwa bado limesimama nyumbani.

Kusikiliza

Wengi huanzia hapa, na si ajabu: ndiyo njia isiyodai chochote.

Barabara. Mzigo ni mwepesi, ila yategemea umeweka nini. Hadithi ya mfumo ulioanguka na namna wahandisi walivyotafuta chanzo hufuatika hata lori likikunyang'anya dakika mbili za katikati. Somo la sintaksia, yaani kanuni za kuandika lugha ya programu, halifuatiki. Msemaji akitamka "kama mnavyoona hapa kwenye skrini", macho yako yataitafuta hiyo skrini, na ni kwa sababu hiyo nimeacha kabisa kuweka video za mafunzo garini. Podikasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni vilivyotungwa kwa ajili ya sikio, ni jambo jingine. Software Engineering Radio imekuwepo tangu 2006 na kwa kawaida huchukua mada moja na mgeni mmoja. CoRecursive ya Adam Gordon Bell husimulia visa vilivyo nyuma ya programu, na visa hukaa akilini kuliko orodha za mbinu.

Mkononi. Unabaki na kidogo kuliko unavyodhani. Kwa muda mrefu nilijihesabia saa za kusikiliza kama saa za kusoma, mpaka siku mwenzangu aliponiuliza nilichojifunza wiki ile nami nikakumbuka majina ya wageni tu. Sasa nina desturi: nikishaegesha, kabla sijafungua mlango, natamka jambo moja nililolisikia. Wakati wa chai ya saa nne namweleza mtu jambo hilohilo tukila mahamri. Nisipoweza kulieleza, najua halikuingia.

Gharama. Saa moja ya sauti iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 29, na kwa kilobiti 128 ni 58 hivi. Nyaya za intaneti za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika pwani yetu hii mwaka 2009 na EASSy ikaanza kazi 2010, lakini bando la simu bado unalinunua wewe. Pakua usiku kwa intaneti ya nyumbani.

Mazingira. Hapa kusikiliza hakuna mpinzani. Foleni ikirefuka unaongeza kipindi, ukiitwa kuingia feri unasitisha, hakuna kilichoharibika. Tahadhari yangu ni kwa wanaofungua vioo sababu ya joto: matatu yenye spika kubwa ikikupita utataka kupandisha sauti ishindane nayo. Usiipandishe ikafika hapo hata king'ora cha ambulensi usikisikie. Na usizibe masikio yote mawili.

Nyumbani. Asubuhi ni nzuri, jioni ni nzito. Kichwa kilichoshinda kwenye msimbo (mistari ya programu) kwa saa nane, ukikilisha tena watu wanaobishana juu ya msimbo, hufika Mtwapa bado kiko ofisini. Jioni nikitaka kusikiliza kitu, mimi huweka taarab.

Anayefaidi. Aliyeingia uwanja mpya na anahitaji kwanza kuyazoea maneno yake, kwa mfano aliyetoka kwenye tovuti akaingia kwenye data. Pia anayefanya kazi peke yake, asiye na mkongwe karibu wa kumsikia akiwaza kwa sauti. Mtu wa namna hiyo akisikiliza mahojiano mazuri anapata alichokikosa ofisini.

Kuongea na kujirekodi

Kuna desturi ya zamani kidogo miongoni mwa waandishi wa programu: unaweka bata wa mpira mezani na kumweleza msimbo wako mstari kwa mstari, na katikati ya maelezo hitilafu hujitokeza yenyewe. Gari ni mahali pazuri kwa desturi hiyo kuliko ofisi, maana hakuna wa kukushangaa.

Nieleze kisa kilichonifanya niiamini. Tulikuwa na mfumo wa kupokea karo za shule kwa malipo ya simu. Mzazi analipa mara moja, mfumo unaandika mara mbili, na si kila siku. Nilikuwa nimeukodolea macho msimbo ule siku mbili. Asubuhi ya tatu nikaanza kurekodi tangu nyumbani, na nilipofika Bamburi nilikuwa nasema hivi: "Taarifa ya malipo inaingia. Tunaiandika kwenye hifadhidata. Tunatengeneza risiti. Tunamtumia mzazi barua pepe. Halafu ndiyo tunajibu kwamba tumepokea." Nikasita kwenye hilo "halafu". Barua pepe huweza kuchukua sekunde kadhaa kutoka. Upande wa pili, usipojibiwa kwa wakati, huituma taarifa ileile tena, nasi tulikuwa tunaipokea kama mgeni. Nilipofika ofisini kazi ilikuwa ya dakika ishirini: jibu litolewe mara tu baada ya kuandika, risiti na barua pepe ziende kwenye foleni ya kazi za baadaye, na namba ya muamala iwe ya kipekee ndani ya hifadhidata ili ya pili ikataliwe mlangoni. Macho yalikuwa yameliruka neno "halafu" siku mbili kwa sababu kwenye skrini halikuandikwa. Lilikuwa mpangilio wa mistari tu.

Barabara. Uzito wake ni wa kati, na kuna mstari usiopasa kuvukwa. Kinasa sauti kilichowashwa nyumbani na kuachwa kikimbie hakikudai kitu. Hakikosei, hakiulizi, hakikusubiri. Mfumo unaogeuza maneno kuwa maandishi papo hapo, au programu ya akili bandia inayokujibu kwa sauti, hukudai: umekosea neno unataka kulirekebisha, umejibiwa unataka kubisha. Utafiti wa Utah ulipima mfumo wa barua pepe na si hizi programu za leo, ila kwa uzoefu wangu mvuto ni uleule. Rekodi tu. Kugeuza kuwa maandishi kusubiri uegeshe.

Mkononi. Hapa njia hii hushinda nyingine kwa mbali, kwa sharti kwamba rekodi isigeuke ghala. Hakuna anayesikiliza tena dakika 50 za sauti yake mwenyewe. Mimi hutamka "alama!" kwa nguvu panapotokea jambo, na baadaye kwenye mchoro wa sauti pale panaonekana kama kilele. Kisha nikiegesha narekodi dakika moja ya muhtasari, na mara nyingi hiyo dakika ndiyo pekee ninayoihifadhi. Anayetaka maandishi anaweza kutumia Whisper, kielelezo (modeli) cha akili bandia cha kampuni ya OpenAI kilichotolewa 2022, ambacho huweza kukimbia ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Ukichanganya Kiswahili na majina tunayoyatumia ndani ya msimbo kitakosea mara kwa mara, lakini hutoa mahali pa kuanzia.

Kuna faida nyingine niliyoipata bila kuitafuta. Wanne kati yetu tuna kundi dogo la WhatsApp ambamo kila mmoja, mara moja kwa wiki, hutuma dakika tatu za sauti akieleza dhana moja kwa Kiswahili: faharasa ya hifadhidata ni nini, kwa nini nyuzi mbili za programu hukwamana zikingojana. Kuitafutia dhana maneno ya nyumbani hukuonyesha upesi kama uliielewa au ulikariri Kiingereza chake.

Gharama. Fedha karibu hakuna. Iko gharama ya siri za watu. Sauti inayotaja jina la mteja, namba yake ya simu au deni lake ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ukiipakia kwenye seva ya mtu mwingine umeisambaza. Sema "mzazi", sema "mteja wa kwanza", usitaje jina.

Mazingira. Kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja kwenye kinasa sauti huua rekodi, basi elekeza upepo pembeni. Vioo vikiwa wazi pale Buxton hutapata lolote la maana.

Nyumbani. Inategemea. Jioni ya tatizo lililokataa, kulisema lote na kulifunga kwa dakika ile ya mwisho hunisaidia kuliacha garini. Jioni ya hasira na mtu wa kazini, kuongea hunichochea zaidi.

Anayefaidi. Mwenye hitilafu moja mahususi. Mwenye waraka wa kuandika na hajui uanzie wapi. Anayejiandaa kwa usaili na anahitaji kujizoesha kueleza kwa sauti namna anavyofikiri.

Kunyamaza

Ilinichukua muda kuiheshimu njia hii, maana haina cha kuonyesha.

Masika ya 1983, mwanakemia Kary Mullis alikuwa akiendesha gari usiku wa Ijumaa kwenye barabara ya 128 huko California, kuelekea nyumba yake ya mashambani. Wazo la namna ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi mno likamjia njiani. Likaja kuitwa PCR, na mwaka 1993 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kwa ajili ya wazo lenyewe. Mimi nakipendea mambo mawili mengine: alikuwa tayari ameshughulika na DNA kwa miaka, na wazo lilipofika alisimamisha gari kando ya barabara ili aandike.

Barabara. Kwa vipimo ni njia nyepesi kuliko zote, lakini kimya si ulinzi. Akili iliyozama kwenye tatizo gumu inaweza kukupitisha taa nyekundu. Ninachofanya ni kubeba swali moja, nalo ni dogo, na barabara ikiniita naliachia bila kinyongo. Kufanya hesabu za utata wa algoriti kichwani huku napita mzunguko wenye magari mengi, hapana.

Mkononi. Siku nyingi, huna kitu. Siku moja moja, unapata kile ambacho wiki nzima ya kusikiliza isingekupa. Tofauti niliyoiona haitoki garini, inatoka kwenye dakika kumi kabla ya kuingia garini. Nikifunga kompyuta na kuondoka, kimya cha njiani hujaa bili na ugomvi wa jirani. Nikitumia dakika kumi kuusoma tena msimbo unaonisumbua, nikaandika swali kwa sentensi moja kwenye karatasi na kuibandika kwenye dashibodi kabla ya kuwasha, basi kuna kitu kinachoendelea kupikika chini kwa chini mpaka nifike Nyali. Na nikifika, dakika tano za kwanza ni za daftari, gari limezimwa, kabla sijasalimiana na mtu.

Gharama na mazingira. Gharama ni ile karatasi. Na hii ndiyo njia pekee ambayo mvua ya masika, barabara ikiwa mto, haikulazimishi kuizima.

Nyumbani. Kwangu ni bora kuliko zote jioni. Rafiki yangu huleta uradi kimoyomoyo kuanzia ofisini hadi Shanzu, na asema huo ndio mpaka wake kati ya kazi na watoto. Ramadhani, pale kila gari linapokimbizana na maghribi, utulivu huo ni wa kuombea wengine pia.

Anayefaidi. Aliyekwama kwenye uamuzi wa muundo, ambapo tayari ana taarifa zote na kinachokosekana ni mpangilio wake. Na yeyote aliyechoka.

Simu za kazi

Kikao cha asubuhi cha timu kinaanza saa tatu, nawe uko Kongowea. Kishawishi ni kikubwa kujiunga kwa spika za gari.

Barabara. Wengi huamini kwamba mikono ikiwa huru hatari imekwisha. Vipimo vya Utah havikuona hivyo: kati ya simu ya mkononi na isiyoshikwa, tofauti ya mzigo ilikuwa ndogo. Mtu aliyeketi kando yako huiona trela inapoingia, hunyamaza, huenda hata akakuonya. Aliye kwenye simu haoni kitu, anaendelea kuuliza lini utamaliza.

Mkononi. Kikao cha taarifa, ambapo kila mtu anasema alichofanya, hukusaidia kutochelewa. Kikao cha uamuzi hukudhuru. Nimewahi kukubali tarehe ya kukabidhi kazi nikiwa natafuta nafasi ya kuingia darajani, na timu nzima ikalala ofisini wiki ile kwa sababu ya neno langu moja. Tangu hapo husema mapema: niko barabarani, nitasikiliza tu, nitajibu nikifika.

Gharama na mazingira. Muda wa maongezi, kelele inayoingia kwenye masikio ya wenzako, na maneno ya mteja kusikika na kila aliye karibu vioo vikiwa wazi kwenye foleni.

Nyumbani. Simu ya kazi ya saa kumi na mbili jioni hukufuata hadi mlangoni. Simu niliyoibakisha ni ya Ijumaa, gari likiwa limeegeshwa kabla sijaondoka: "Shikamoo mama." Hiyo haimo kwenye hesabu za tija, wala sitaki iingie.

Anayefaidi. Kiongozi wa timu mwenye taarifa fupi za kupokea, safari yake ikiwa ya mwendo wa polepole na njia anayoijua. Kwa anayepita njia mpya au yenye malori, sioni wa kufaidi.

Kuliacha gari

Hili nitalipitia haraka kwa sababu halimfai kila mtu. Kwenye matatu macho na vidole vinarudi kwako: unaweza kusoma waraka kwenye simu au kupitia mabadiliko madogo ya msimbo wa mwenzako. Kufungua kompyuta kwenye kiti cha matatu yenye watu 14 sikushauri, kwa mtikisiko na kwa usalama wa mali yako. Nauli huenda ikawa chini ya mafuta na maegesho, na wa Likoni akivuka feri kwa miguu halipi kitu wala hasubiri foleni ya magari. Upungufu wake ni saa za jioni, pale matatu hugombaniwa, na siku ulizo na mtoto wa kupitia shuleni. Kijana anayeishi karibu na barabara kuu, asiye na mizigo, anapata muda mwingi kuliko sisi sote.

Safari moja ina vipande

Baada ya haya yote, nimeona kosa langu la mwanzo lilikuwa kuchagua njia moja kwa safari nzima. Kati ya Mtwapa na Shanzu asubuhi mapema barabara ina nafasi, hapo naongea. Kuanzia taa za Nyali hadi kisiwani nazima kila kitu, maana hapo watu wanavuka kila upande. Foleni iliyosimama kabisa ni ya kusikiliza.

Feri ina kanuni yake. Mstari wa kungojea ni mahali pazuri mno pa kazi: injini imezimwa, unaweza hata kutoa daftari. Lakini ukishaanza kuteremka kuingia feri na muda wote uko juu ya chombo, hakuna podikasti wala rekodi. Mnamo Septemba 2019 gari liliteleza kutoka nyuma ya feri ya Likoni likazama na waliokuwemo. Breki ya mkono ivutwe, vioo vishushwe, masikio yawe kwa wahudumu wa feri.

Kwa hali yako

Ukiwa na hitilafu iliyokutesa zaidi ya siku moja na njia yako haina misukosuko, rekodi, na anza kwa kusimulia tangu data inapoingia mpaka inapotoka, usiruke hatua unayoiona ni dhahiri.

Ukiwa mgeni wa fani, au umehamia lugha mpya ya programu, sikiliza asubuhi tu, kipindi kimoja kwa siku mbili, na ulipe deni la kukieleza kwa mtu.

Ukiwa njia ya Mikindani, Changamwe au popote penye trela nyingi, nyamaza. Fanya kazi yako ya dakika kumi kabla ya kuondoka, kisha mpe dereva akili yote.

Ukiwa kiongozi wa timu, sogeza kikao kianze nusu saa baadaye kama una uwezo huo. Utakuwa umewatoa hatarini na wenzako walio barabarani, ambao huenda wanaona haya kusema.

Ukiwa na mtoto garini, safari ni yake. Maswali yake yana haki ya kujibiwa kabla ya ya mteja.

Na kama hujui uanzie wapi, jaribu wiki moja: Jumatatu na Jumanne sikiliza, Jumatano na Alhamisi rekodi, Ijumaa nyamaza, jioni zote ziache wazi. Jumamosi fungua daftari uone kila siku iliacha nini. Kisha muulize aliye nyumbani ni jioni ipi uliingia mlangoni ukiwa umetulia, uandike jibu lake kwenye ukurasa uleule.